Mdomo wa Bata wa Yakobo

Kundi letu la simu linaitwa Jazz Mwambao, na lina sheria moja tu: mkono mtupu haulambwi. Anayeingia hupewa siku saba. Katika siku hizo alete wimbo mmoja wa bendi ya jazz ya zamani ambao wenzake hawana, na aeleze aliupata wapi. Akishaleta, naye ana haki ya kuomba wimbo anaoutaka, na kundi zima litamtafutia. Asipoleta, Mzee Oswald anamtoa. Mzee Oswald alikuwa gadi wa treni miaka thelathini na moja, kwa hiyo hasemi amemtoa mtu. Anataja kituo cha reli: "Nimemshusha Kandaga." Kama mtu huyo alikuwa msumbufu, anasema, "Nimemshusha Nguruka, na mzigo wake umeendelea na safari."

Aliyeniingiza ni Veneranda. Tunakaa dawati moja katika masomo ya jioni pale Mwanga, mimi nikiwa na miaka sitini na mbili na yeye arobaini na moja, na wote tunajiandaa kwa mtihani ambao watoto wetu waliufanya zamani. Jioni moja, kabla mwalimu hajaingia, nilimwona anacheka na simu yake. Nikamuuliza kuna nini.

"Wazee wanatukanana kuhusu magitaa," akasema. "Huyu wa treni ni baba yangu mdogo."

Akanisogezea simu sikioni. Kulikuwa na wimbo, na katikati ya wimbo ukaingia mdomo wa bata.

Hivyo ndivyo tulivyoiita saksafoni siku zetu, kwa sababu ya umbo lake. Marehemu mume wangu, Yakobo, alipuliza mdomo wa bata katika Bangwe Jazz kwa miaka tisa. Nilisikiliza mpaka mwalimu alipogonga meza, na hesabu za siku ile sikuzielewa hata kidogo. Tulipotoka nikamwambia Veneranda aniombee nafasi.

Nilitaka kitu kimoja. Bangwe Jazz walikuwa na wimbo ulioitwa "Barua ya Mpulungu". Mwishoni mwa wimbo huo wenzake wote walinyamaza isipokuwa mpiga tumba, na Yakobo akapuliza peke yake kwa muda mrefu. Nilitaka kumsikia akipuliza vile tena, tangu mwanzo mpaka mwisho, kabla sijafa. Jambo hilo nilikuwa nimemwomba Mungu mara nyingi, tena kwa aibu, kama mtu anayeomba arudishiwe kitu alichokitupa mwenyewe.

Siku za kwanza nilisoma tu. Ninasoma polepole, na wale wazee wanaandika haraka. Kila asubuhi Mzee Oswald hufungua kwa salamu ya Kiha, "Mwakeye, abiria!" kisha anatuma wimbo. Halafu anakuja Heritier, kinyozi wa Ujiji, ambaye baba yake alivuka kutoka Kalemie, na ambaye kwake kila kitu kizuri kilivuka ziwa.

"Mzee wa Reli, hilo gitaa ni letu," anasema kwa ujumbe wa sauti, mashine ya kunyolea ikinguruma nyuma yake. "Mlitukuta tunapiga, mkaomba kushika."

"Ninyi mlivuka na gitaa au mlivuka na samaki migebuka wakavu?" Mzee Oswald anajibu. "Gitaa hili ni la Tabora. Sikiliza linavyotembea. Halina haraka, kama treni ya mizigo."

"Ndiyo maana halifiki."

"Linafika, na abiria wote wakiwa na nguo zao. La kwenu linaanza kistaarabu, likifika dakika ya tatu watu wamevua mashati."

"Na jasho limewatoka, Mzee wangu! Dansi lenu nani alitoka jasho? Mlikuwa mnashikana kama watu wanaopimana homa."

Nilicheka peke yangu kule sokoni Kibirizi ninakoanika dagaa, nikiwa nimeinamia vichanja, mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimepata mchumba.

Siku ya tano Mzee Oswald akaniandikia mbele ya wote. "Dada Merina, naona umekaa dirishani unafurahia upepo. Tiketi yako iko wapi? Kandaga inakaribia."

"Mwache mama wa watu," Heritier akasema. "Labda ana santuri chini ya kanga zake za harusi, anaipangusa vumbi."

Sikuwa na santuri. Nilikuwa na kaseti moja.

Bangwe Jazz walirekodi "Barua ya Mpulungu" mwaka 1987, mchana mmoja wa jua kali, ukumbini, madirisha yamefungwa, kwa redio kaseti iliyowekwa juu ya kiti. Kila mwanabendi akapewa nakala yake. Yakobo alipofika nyumbani na ya kwake alichukua kisu cha jikoni, akavunja vile vijimeno viwili vya plastiki vilivyoko mgongoni mwa kaseti, maana kaseti iliyovunjwa vijimeno haikubali tena kurekodiwa. Akapuliza vumbi, akasema, "Basi. Hii haifutiki."

Mwaka 1994 niliokoka. Wokovu wangu siujutii. Umenibeba katika mengi, pamoja na siku ya kumzika Yakobo. Lakini wakati ule tulifundishwa kwamba nyimbo za dansi ni za dunia, na aliyeokoka hazihifadhi nyumbani mwake. Wengine walichoma kaseti zao nyuma ya kanisa. Mimi sikuthubutu kuchoma. Bendi ilikuwa imekufa, ala zilikuwa za mwenye ukumbi naye alikuwa ameziuza, na Yakobo hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha kwamba alipata kupuliza. Kisha kwaya yetu ikatakiwa kurekodi nyimbo za mashindano ya Kasulu, na kaseti ikakosekana. Nikasema ninayo. Nilitafuna kipande cha karatasi, nikaziba vile vitundu viwili, kama kila mtu alivyofanya siku zile akitaka kurekodi juu ya kilichokwisha kurekodiwa. Kaseti ikakubali.

Jumamosi Yakobo alirudi kutoka kazini bandarini, akaiweka kwenye redio kama kawaida yake. Ikatoka kwaya. Aliusikiliza wimbo wa kwanza wote akiwa amesimama, kofia mkononi. Kisha akasema, "Sauti ya pili mmeiimba vizuri," akaenda kuoga.

Hakulitaja tena jambo lile mpaka alipofariki, miaka kumi na mitano baadaye.

Nyimbo zetu hazikuujaza upande ule wa kaseti. Baada ya Amina yetu ya mwisho kuna mkwaruzo, kisha zinakuja sekunde arobaini za Bangwe Jazz zilizonusurika: Yakobo anamalizia kupuliza, tumba iko chini yake, mtu anakohoa, basi. Wiki ya mazishi, nilipokuwa napanga vitu vyake, nilifungua redio nikaikuta kaseti ndani. Utepe ulikuwa umesimamishwa mwisho wa zile sekunde arobaini. Ndipo nilipojua alikuwa anasikiliza nini nisipokuwepo.

Hii ndiyo tiketi niliyokuwa nayo.

Siku ya sita asubuhi nilipiga magoti kando ya kitanda, nikamwambia Mungu kwamba ninawaogopa wazee wa simu kuliko nilivyowaogopa wazee wa kanisa. Kisha nikaweka simu mbele ya spika ya redio. Nilikusudia kuanza baada ya kwaya, lakini kidole changu kiliwahi. Nilipokwisha kutuma ndipo nikasikia kwamba Amina yetu imeingia yote, sauti nne, na mkwaruzo wake.

"Jamani!" Heritier akadakia. "Hii bendi ilikuwa inaanza dansi kwa Amina? Hawa walilipwa kwa sadaka?"

Watu wakacheka kwa zile nyuso za kucheka. Kisha akasikiliza mpaka mwisho, na sauti yake ikabadilika. "Subirini. Huyu mpulizaji ni wa kwetu. Sikieni anavyoivuta pumzi, haikati. Huyu ni mtu wa Uvira, naapa."

Juu ya kioo niliona Mzee Oswald anaandika, anaacha, anaandika. Mwisho akatuma sauti.

"Huyo ni Yakobo wa Bangwe Jazz. Nimempakia kwenye behewa langu safari saba za Tabora, na mdomo wake wa bata ameuviringisha katika blanketi. Sikujua kama sauti yake iko mahali popote duniani. Dada Merina, sheria unaijua. Uliipata wapi?"

Nilichukua karibu saa nzima kuandika sentensi tatu. Mwalimu wetu anasema sentensi njema ina jambo moja tu, nami nilijaribu hivyo. *Yakobo alikuwa mume wangu. Kaseti hii ilikuwa na wimbo mzima. Mimi nilirekodi kwaya juu yake.*

Niliiweka simu kifudifudi juu ya meza, nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Niliporudi, Heritier alikuwa amesema maneno mafupi: "Mama, nilikuwa nimeandaa utani. Nimeumeza."

Chini yake kulikuwa na sauti ya Mzee Oswald. "Kumbe ni shemeji! Shemeji, nijibu neno moja. Lile blanketi lilikuwa la bluu?"

"La kijani," nikaandika.

"La kijani. Basi ni wewe. Alikuwa anatukataza kulikalia, anasema la mke wangu hilo. Tiketi yako imekatwa, shemeji. Omba unachotaka."

Nikaomba.

Mzee Oswald alikumbuka kwamba Eliakimu, aliyepiga tumba, yu hai, yuko Kagunga kule mpakani na Burundi, anaishi na binti yake Kaneza. Eliakimu naye alipewa kaseti siku ile ile, na hakuwa mtu wa kuokoka wala wa kupoteza vitu. Mzee Oswald akatafuta namba, akamtumia Kaneza ujumbe na kumwingiza kundini kama mgeni, bila tiketi. Kagunga simu hushika leo, kesho hazishiki. Tukangoja.

Zilikuwa siku kumi na mbili. Nilifunga Jumatano mbili. Sokoni nilikuwa nikigeuza dagaa juu ya vichanja, nasikia simu inatetemeka kifuani, nafuta mikono kwenye kanga, nakuta ni Heritier na Mzee Oswald wanagombana kuhusu besi. Sikuwachukia. Lakini nilikuwa nimeanza kuusikia wimbo ule kichwani, nao wananiletea mwingine. Nilijiona kama nilivyokuwa nikiwa msichana, Yakobo akiwa amekwenda kupiga Tabora, nami nahesabu siku za treni kurudi.

Kaneza alijibu Alhamisi, saa nne asubuhi.

"Shikamooni wazee wangu. Kaseti ya baba ilikuwepo sandukuni. Watoto wangu waliufumua utepe wake mwaka juzi, mimi nikauchukua nikaufunga juu ya vichanja vya dagaa kufukuza kunguru. Ukipigwa na upepo unamemeta, ndege hawashuki. Umekwisha katikakatika. Nisameheni, sikujua una nini ndani."

Nilikuwa nimesimama chini ya utepe wa namna hiyo hiyo. Kibirizi tunaufunga sote. Nimefunga kaseti za watu juu ya dagaa zangu kwa miaka mingi, wala sikuwahi kujiuliza ni sauti ya nani inayofukuza kunguru.

Nikamjibu Kaneza: *Marahaba, mwanangu. Mimi ndiye niliyeanza.* Kisha nikakaa juu ya ndoo.

Jioni ile sikwenda darasani. Asubuhi yake Kaneza akatuma sauti nyingine. Hakusema neno ila, "Baba ameomba nirekodi." Mara ikaanza tumba. Haikuwa tumba, lilikuwa dumu la maji, na mikono ilikuwa ya mzee wa miaka themanini, lakini mwendo ulikuwa ule wa "Barua ya Mpulungu" usio na shaka. Ukaenda dakika nne nzima, hata alipochoka akawa anapiga kwa mkono mmoja.

"Nani alisema treni imekufa?" Mzee Oswald akauliza. Baada ya mchana akarudi na gitaa lake lililobaki na nyuzi nne, akapiga ridhimu juu ya dumu la Eliakimu, simu moja ikimwimbia na nyingine ikimrekodi. Alikosea mara mbili, akajitukana, akaendelea.

"Sasa mdomo wa bata niachieni mimi," Heritier akasema. "Nimesikiliza zile sekunde arobaini mpaka wateja wangu wamezijua. Mtu wa Uvira nampata tu." Akafunga kibanda chake cha kunyolea mchana kweupe, akaufanya mdomo wake kuwa saksafoni. Alianza vizuri. Lakini alipofika mzunguko wa pili akapanda juu, akapamba, akatikisa, watu wakamtumia makofi.

Nikabonyeza alama ya sauti kwa mara ya kwanza tangu niingie kundini, nikasema, na nilisikia mwenyewe kwamba nimefoka: "Hapana, Heritier. Hapo hapandi. Hapo anashuka. Anashuka taratibu kama mtu anayeteremka gatini na mzigo, halafu anasimama."

"Nipe mfano, mama," Heritier akajibu. Sauti yake haikuwa na utani. "Sisi tunabahatisha. Aliyelala nyumba moja na huo wimbo ni wewe."

"Shemeji," Mzee Oswald akasema, "behewa lote linakungoja."

Tangu mwaka 1994 wimbo wa dansi haukuwa umetoka kinywani mwangu. Nilifunga dirisha na mlango, ingawa ilikuwa saa tisa alasiri na joto lilikuwa jingi. Nilipiga magoti. Nilimwambia Mungu: kama hili ni kosa, lihesabu kwangu, Yakobo usimguse nalo. Kisha nikamwambia kwamba sidhani kama ni kosa. Nikamwambia pia kwamba kosa lilikuwa ile karatasi niliyoitafuna, na hilo nilikuwa sijawahi kulitamka kwa maneno mbele zake, nilikuwa nikilizunguka tu. Nikakaa hapo chini kidogo. Niliposimama magoti yaliniuma lakini kifua kilikuwa chepesi.

Nikawasha dumu la Eliakimu na gitaa la Mzee Oswald kwenye simu ya Veneranda, aliyonikopesha makusudi. Ya kwangu nikaishika karibu na mdomo. Nikaanza.

Sikuimba maneno. Nilipuliza kwa midomo kama Yakobo alivyokuwa akifanya mazoezi usiku watoto wakiwa wamelala, asiwaamshe. Mzunguko wa kwanza ulikuja wote. Wa pili ukaja, nikashuka pale anaposhuka, nikasimama anaposimama. Nilikuwa naona hata kifundo cha mkono wake. Nikavuta pumzi niingie wa tatu.

Hapakuwa na kitu.

Nilisimamisha simu, nikaanza upya. Nikafika pale pale. Mara ya nne nilijaribu kupita haraka, kama mtu anayeruka mtaro, nikaanguka. Mwanzo niliujua kwa sababu niliupenda nikiwa kijana. Mwisho niliujua kwa sababu ya zile sekunde arobaini, nilizozisikiliza miaka kumi na mitano. Kati ya hapo kulikuwa na mahali ambapo Yakobo alikwenda na mimi sikumfuata, na hapo ndipo sasa ilipo sauti yangu mwenyewe, sauti ya pili, inamwimbia Mungu nyimbo za Kasulu.

Nililia. Kisha nikanawa uso, nikarekodi mara ya mwisho. Mzunguko wa kwanza, wa pili. Nilipofika penye tundu sikubuni kitu. Nilinyamaza nikagonga meza kwa kidole, kufuata mkono wa Eliakimu, nikagonga mpaka nikaona muda wake umetimia, ndipo nikaingia mwisho na kuumaliza. Nikautuma bila kuusikiliza.

Wa kwanza kuandika alikuwa Heritier. "Mzee wa Reli, hapo mama anapogonga meza, wewe hupakumbuki?"

"Nilikuwa nacheza," Mzee Oswald akasema. "Nilikuwa nimemshika mtu, sikusikiliza. Mungu anisamehe, nilidhani utapigwa tena Jumamosi."

Kaneza akaleta jibu la baba yake: hata yeye hapajui. Hapo Yakobo alikuwa anafumba macho, na kila siku alipita njia nyingine. Njia ya siku ile ya mwaka 1987 ilijulikana na kaseti peke yake.

Kesho yake Heritier, ambaye ana moyo mwema, alituma wimbo wangu akiwa ameunganisha sauti yake palipokuwa na kimya. Alikuwa amejitahidi sana. Palikuwa pazuri, tena pa kiungwana, hakupamba hata kidogo. Nilisikiliza mara mbili. Nikamwandikia pembeni, si mbele ya watu: *Mwanangu, naomba ulifute hilo. Ulilotia ni zuri. Lakini nikilizoea nitaanza kudhani ni lake.*

Akafuta. Akaniandikia, "Samahani, mama," na siku mbili nzima hakumchokoza Mzee Oswald, mpaka Mzee Oswald akauliza kundini kama kinyozi ameshuka Uvinza bila kuaga.

Nimerudi darasani. Alasiri, kabla ya kubeba daftari zangu, nafunga dirisha, naweka simu mezani, najisikiliza mwenyewe. Nikifika pale ninapogonga, nagonga pamoja. Ni mara ishirini na nne. Nimekwisha kumwomba Mungu msamaha wa ile karatasi, na ninaamini amenisamehe, maana yeye ni mwaminifu. Lakini zile mara ishirini na nne bado namwomba anirudishie kilichokuwa hapo, kila siku, na nikimaliza kugonga hukaa kidogo nasikiliza kabla sijaendelea.